Chupa ya Maji Inavyoweza Kutunza Mbegu Yako ya Maharage na Kunde

Mkulima akishavuna maharage mwezi wa sita au wa saba, huchagua punje nzuri, akazifunga kwenye kiroba na kuziweka kando kwa mbegu. Vuli inapokaribia anafungua kiroba na kukuta unga na matundu. Punje iliyotobolewa inaweza kuota, lakini huota dhaifu, na nyingine haioti kabisa. Ndipo anapolazimika kununua maharage ya sokoni asiyojua aina yake wala yamekaa muda gani.

Na chupa tupu zimejaa kila mahali. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, lakini chupa za maji na soda bado tunazo nyumbani, mitaroni na mashambani. Chupa hizo ni ghala zuri sana la mbegu.

Sababu yake ni hewa. Chukua punje ya kunde uitazame kwa karibu: ukiona vidoti vyeupe vilivyogandamana juu ya ganda, hayo ni mayai ya mdudu. Mara nyingi mashambulizi huanzia shambani, kabla hata hujavuna. Funza akitoka kwenye yai hupenya ndani ya punje, hula humo mpaka akomae, kisha hutoboa tundu la kutokea na kwenda kutaga tena. Ndani ya kiroba kizazi hufuata kizazi, kwa sababu hewa inapita. Ndani ya chupa iliyofungwa barabara, wadudu wachache waliomo humaliza oksijeni wenyewe, wanaacha kula na kufa. Huhitaji dawa wala majivu.

Tumia chupa za maji, soda au juisi zenye kifuniko chake, au dumu la mafuta ya kula kama mbegu ni nyingi. Zioshe kwa sabuni, zianike mpaka zikauke kabisa ndani. Chupa ya kiuatilifu, yaani dawa ya kuulia wadudu au magugu shambani, usiiguse kwa kazi hii, wala kwa kazi nyingine yoyote ya nyumbani, hata ukiiosha mara ngapi. Nasisitiza kwa sababu mbegu iliyobaki mara nyingi huishia jikoni, na mtoto hawezi kutofautisha chupa na chupa. Ukimaliza dawa, suuza chombo mara tatu, maji ya suuzo uyamimine kwenye bomba la kunyunyizia ili yaishie shambani, kisha kitoboe ili asitokee mtu wa kukiokota na kuchotea maji.

Sasa ukaushaji, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mbegu mbichi ikifungiwa kwenye chupa inaoza, na uotaji unapotea. Anika kwenye turubai au mkeka, si juu ya udongo, na ugeuze mara kwa mara. Kisha pima kwa chumvi. Chukua chupa kavu, weka punje hadi theluthi moja, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, utikise kwa dakika moja, kisha uiache itulie kwa dakika kumi na tano. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mbegu bado ina maji mengi, irudishe juani. Isipogandamana, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Kwa mbegu ya kufungiwa mimi nashauri uongeze siku nyingine ya jua hata baada ya hapo, kwani asilimia 13 au chini ndiyo salama.

Acha mbegu ipoe kivulini kabla ya kuijaza. Kata shingo ya chupa mbovu uifanye faneli. Jaza kidogo, gonga chupa chini ili punje zishikamane, ongeza tena mpaka mdomoni, maana nafasi ikibaki, hewa nayo inabaki. Kaza kifuniko. Andika aina ya mbegu na mwezi wa mavuno, kisha weka ndani ya nyumba, mbali na jua na panya. Chupa ya lita moja na nusu huingia zaidi ya kilo moja ya maharage. Udogo huo una faida: ukifungua moja kupanda bustani, nyingine zinabaki zimefungwa. Usifungue kila wiki kuchungulia.

Njia hii inafaa maharage, kunde, choroko na mahindi ya asili. Mahindi chotara usiyatunze kwa mbegu, msimu wa pili hayatazaa kama mama yake.

Wiki mbili kabla ya mvua, funga punje kumi kwenye kitambaa chenye unyevu, ukilowanishe kila siku. Baada ya siku saba hesabu zilizoota. Nane na kuendelea, panda kama kawaida. Sita au saba, ongeza mbegu kwenye shimo. Chini ya hapo, tafuta mbegu nyingine mapema.

Chupa zilizobaki zina kazi bandani. Kwa vifaranga, toboa tundu dogo karibu na kitako, lizibe kwa kidole, jaza maji, kaza kifuniko, kisha simamisha chupa ndani ya sahani. Tundu liwe chini ya ukingo wa sahani, la sivyo maji yote yatamwagika. Yakifunika tundu hujisimamisha yenyewe, na vifaranga wanakunywa bila kuzama. Sahani ioshe kila asubuhi.