Maranda yanaponyima mti nitrojeni: cha kufanya

Mtu anapanda mche, shimo kalichimba vizuri, anachanganya udongo na maranda akiamini anarutubisha, wiki kadhaa mbele majani ya chini yanageuka njano na mche umedumaa. Wengi hapo wanakimbilia dawa ya kupuliza, jamani huo sio ugonjwa, hiyo ni njaa ya nitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani, na walioibeba ni bakteria na fangasi wa udongoni.

Iko hivi, hao vijidudu wanakula kaboni ila miili yao haijengeki bila nitrojeni. Ukiwapa kitu chenye kaboni kama 24 kwa nitrojeni 1 wanatosheka. Mabua makavu ya mahindi yako kwenye 60 hivi, unga wa mbao unaweza kupita 300, sasa pengo lote hilo wanaliziba kwa kuchota nitrojeni iliyoko kwenye udongo, na mizizi haiwawezi kwa spidi maana wao wako kila chembe ya udongo na wanazaliana fasta mno.

Kwanza hakikisha ndio yenyewe. Nitrojeni ikipungua mti unaihamisha kutoka majani ya zamani kwenda machanga, kwa hiyo njano inaanzia chini. Ukiona majani mapya ya juu ndio ya njano na mishipa imebaki kijani, mara nyingi hapo ni madini ya chuma, usihangaike na nitrojeni.

Kama ni yenyewe, toa maranda unayoweza kuyatoa bila kukata mizizi, halafu weka samadi ya kuku iliyooza vizuri au urea kidogo kidogo, mwagilia, rudia baada ya muda. Usimwage nyingi kwa mpigo mmoja, itaunguza mizizi na inayobaki itazama na maji.

Na maranda usiyatupe! Yatandaze juu tu bila kuchanganya, maana yakiwa juu yanagusana na udongo kwa safu nyembamba sana na mizizi ya chini haiguswi. Acha nafasi kuzunguka shina lisije likaoza. Ukitaka ya kuchanganya ndani tumia mboji iliyoiva au majani mabichi ya mikunde.

Kingine naomba sana, usiwaue hao vijidudu. Maisha yao mafupi, wanakufa au wanaliwa na protozoa (viumbe vidogo vya seli moja) na minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, nitrojeni iliyozidi inatoka kama amonia na safari hii mizizi inaipata, na mti ukishaichukua unakaa nayo muda mrefu. Tena kuna fangasi wanaoishi na mizizi wanaousaidia mti kuitafuta.

Majani yaliyokwisha kuwa njano usiyasubiri yarudi, angalia yanayochipua, yakitoka mapana na kijani kimekolea punguza mbolea.