Kunasa Chembe za Chuma Katika Oili ya Injini kwa Sumaku

Injini ya gari, hata inapotunzwa vizuri, hujisaga yenyewe kidogo kidogo. Ringi za pistoni husugua kuta za silinda, mnyororo wa taimingi hupita juu ya meno ya gia zake, kamshafti husukuma valvu, na kila msuguano huacha chembe za chuma ambazo oili huzibeba hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Chembe kubwa hukamatwa na chujio. Zile ndogo zaidi, hasa zilizo chini ya maikroni 20, yaani sehemu 20 kati ya sehemu elfu za milimita moja, hupenya kwa urahisi machujio mengi ya kawaida na kurudi katika mzunguko. Baadhi yake zina unene unaokaribiana na ule wa utando wa oili unaotenganisha shafti na beringi, na kwa hiyo hazipiti hapo bila kukwaruza. Sumaku iliyowekwa mahali panapofaa huzishika nyingi, na zaidi ya hapo humwezesha fundi kuona hali ya injini kabla haijaanza kugonga. Kwa maoni yangu faida hii ya pili ndiyo kubwa, na ndiyo inayosahaulika.

Mwongozo huu unafuata injini ya 1NZ-FE ya Toyota, iliyofungwa katika Probox, IST na baadhi ya Vitz, kwa kuwa huletwa mara nyingi katika gareji za Tanzania na Kenya. Mwenye gari la aina nyingine anaweza kufuata hatua hizi hizi, ila athibitishe vipimo katika kitabu cha gari lake.

Kwanza ni lazima kuelewa kile ambacho sumaku haiwezi kukifanya. Bloku ya injini hii ni ya aluminiamu, lakini ndani ya silinda zimo laina, yaani mirija ya ndani, za chuma cha kusubu. Laina hizo, pamoja na ringi, mnyororo, kamshafti, krankishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na gia za pampu ya oili, hutoa chembe zinazovutwa na sumaku. Pistoni ni za aluminiamu, na uso wa beringi za kranki ni wa metali laini. Mabaki yake hayavutwi hata kidogo, na vivyo hivyo masizi na mchanga ulioingia kupitia chujio bovu la hewa. Kwa hiyo sumaku haichukui nafasi ya chujio, wala hairefushi muda wa kubadili oili, kwa sababu oili huchakaa pia kwa joto, kwa petroli inayovujia ndani yake na kwa kuisha kwa viungo vyake vya kinga. Muuzaji anayeahidi kwamba utaendesha kilomita maradufu kwa oili ileile asisikilizwe.

Hatua ya 1: Chagua sumaku inayostahimili joto.

Sumaku zenye nguvu zaidi madukani ni za neodimiamu. Daraja la kawaida, linaloandikwa N na tarakimu tu, kwa mfano N42, huanza kupoteza nguvu bila kuirudisha tena likizidi takriban nyuzi 80 za Selsiasi, ilhali oili ndani ya sampu hufika nyuzi 100 na kuzidi gari linapopanda mlima likiwa na mzigo. Tafuta daraja lenye herufi SH, kama N42SH, linalostahimili hadi takriban nyuzi 150, au sumaku ya samarium-kobalti, inayovumilia joto kubwa zaidi ya hapo. Sumaku nyeusi zinazotolewa katika spika mbovu huvumilia joto vizuri, lakini mvuto wake ni dhaifu mno kwa kazi hii. Mtu aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asizishike sumaku za neodimiamu wala asizikaribie.

Hatua ya 2: Chagua mahali pa kuiweka.

Mvuto wa sumaku hupungua kwa kasi sana umbali unapoongezeka, hata kwa milimita chache. Ndiyo sababu ninapendelea bolti ya kumwagia oili yenye sumaku kwenye ncha yake: inagusana na oili moja kwa moja, na iko chini, mahali ambapo chembe hutua gari linapozimwa. Nafasi ya pili ni sumaku inayobandikwa nje ya kopo la chujio. Inasaidia, ingawa bati la kopo lenyewe hufyonza sehemu kubwa ya nguvu yake. Kutumbukiza sumaku ndani ya sampu bila kuifunga sikubaliani nako kabisa, kwa kuwa neodimiamu ni ngumu lakini hupasuka upesi kama kigae, na vipande vyake vitabaki ndani ya injini.

Hatua ya 3: Kagua bolti kabla ya kulipa.

Kwa 1NZ-FE unahitaji bolti ya M12, yaani yenye kipenyo cha milimita 12, na hatua ya uzi (umbali kati ya uzi mmoja na unaofuata) ya milimita 1.25; bolti ya asili hufunguliwa kwa spana namba 14. Honda nyingi hutumia M14 yenye hatua ya 1.5. Njia ya uhakika ni kwenda dukani na bolti ya zamani na kulinganisha nyuzi uso kwa uso. Kisha ishike sumaku kwa koleo lililofungwa kitambaa, uivute na kuizungusha. Ikicheza, maana yake imeshikiliwa na gundi tu, na joto litaiachia, irudishe.

Hatua ya 4: Mwaga oili na ufunge bolti mpya.

Washa injini dakika chache ili oili ipate uvuguvugu, zima, kisha inua gari kwenye sakafu tambarare na uliegemeze juu ya stendi imara. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Vaa glavu, kwa kuwa oili iliyotumika ikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka inaweza kusababisha saratani. Mwaga kwenye karai safi, kwani utahitaji kuichunguza oili hiyo kabla ya kuihamishia kwenye dumu na kuipeleka kwa wanaokusanya oili chafu. Futa mdomo wa tundu, weka washa mpya (pete ya kuzibia uvujaji), anza kuzungusha bolti kwa vidole, kisha kaza kwa takriban Nm 38 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Asiye na spana ya kupima nguvu atumie spana fupi bila kuiunganisha na bomba, maana nyuzi za sampu zikiharibika gharama yake ni kubwa kuliko ya bolti kumi.

Hatua ya 5: Badilisha chujio na ujaze oili.

Paka oili kwenye mpira wa chujio jipya na ulikaze kwa mkono. Ukitaka kuongeza sumaku ya nje, safisha kopo na uibandike mbali na mkanda na bomba la moshi. Jaza karibu lita 3.4, washa injini, hakikisha taa ya oili imezimika, kagua uvujaji, zima, subiri kidogo, kisha ongeza taratibu kwa kufuata kijiti cha kupimia. Jumla pamoja na chujio ni takriban lita 3.7.

Hatua ya 6: Soma kilichonaswa.

Kila unapobadili oili, na kwa injini iliyotoka kufunguliwa na kuundwa upya mapema zaidi, baada ya takriban kilomita 1,000, toa bolti na uifute kwa kitambaa cheupe mahali penye mwanga mzuri. Sumaku ya nje iache kwenye chujio hadi chujio litoke, la sivyo chembe zitaachiwa zirudi ndani. Sugua ulichokipata kati ya vidole vyenye glavu.

Tope laini la kijivu kilichokolea, lisilo na punje zinazohisika, ni uchakavu wa kawaida. Lipige picha ukiandika kilomita, kwa sababu bolti moja peke yake husema machache. Tofauti kati ya mara hii na iliyopita ndiyo yenye maana. Nywele za chuma zinazong'aa na kujisokota, katika injini iliyotoka kuchongwa, kwa kawaida ni mabaki ya mashine ambayo hayakuoshwa vizuri, na yanapaswa kutoweka katika badilisho linalofuata. Vipande bapa au vijiti vinavyoonekana kwa macho katika injini ya siku nyingi ni habari nyingine: uso mgumu unabanduka, na ukaguzi uanze na mnyororo wa taimingi, hasa kama injini inatoa mlio wa kugongana inapowashwa asubuhi.

Kisha rudi kwenye karai. Ikiwa oili inametameta lakini sumaku haikushika kitu, fungua kopo la chujio kwa kifaa cha kukatia bati, si kwa msumeno, maana msumeno humwaga chenga zake mwenyewe. Kunjua karatasi, ifunge sumaku katika mfuko mwembamba wa plastiki na uipitishe juu yake. Mng'ao unaobaki kwenye karatasi ni wa aluminiamu au wa metali ya beringi, na gari hilo lisiendeshwe tena mpaka sampu ishushwe na beringi za kranki zikaguliwe.