Ukitaka kufanya kazi ofisi ya mlezi wa wanafunzi

Vijana wengi wanaoniuliza namna ya kuingia kwenye kazi hii ya kushughulikia ustawi wa wanafunzi chuoni huulizia cheti kwanza. Shahada ya ustawi wa jamii, saikolojia, sosholojia au elimu inakufungulia mlango. Kwa vyuo vikuu vya umma hapa Tanzania, fuatilia matangazo ya Sekretarieti ya Ajira na ujiandae kwa usaili wa kuandika na wa mahojiano. Ukipewa uwaden, yaani usimamizi wa hosteli, usiudharau. Mimi nilianzia huko, na sehemu kubwa ya ninayoyajua kuhusu wanafunzi niliyapata kwenye korido za hosteli usiku.

Ukishaingia, jifunze mikopo mapema kama vile wewe ndiye mkopaji. Bodi ya Mikopo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, na tangu hapo maisha ya chuo yanakwenda kwa mwendo wa bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu. Fedha ya chakula na malazi ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, lakini haitolewi kila siku. Inakuja kwa mkupuo. Wiki ya mwisho kabla ya mkupuo mwingine ndiyo wiki ya wizi wa simu, ugomvi wa vyumbani na binti kupata "mfadhili" wa ghafla. Iweke kwenye kalenda yako na usiombe likizo wiki hiyo.

Sasa jambo ninalolisisitiza kwa kila afisa mpya: mwanafunzi haji na shida yake, anakuja na kisingizio cha shida. Ataingia, "Shikamoo madam, naomba barua ya kuahirisha masomo." Usimpe fomu. Mkalishe, mwulize anaishi wapi, analala na nani chumbani, amekula nini leo. Kisha nyamaza. Nyuma ya barua hiyo nimewahi kukuta msiba wa baba aliyekuwa akilipa ada, mimba, supu tatu, yaani mitihani ya kurudia, ambazo nyumbani hawazijui, na kijana aliyekuwa ameacha kulala kabisa. Kila mmoja anahitaji njia yake. Wa supu hahitaji kuahirisha, anahitaji ratiba na mtu wa kusoma naye. Asiyelala mpeleke zahanati ya chuo mwenyewe, mguu kwa mguu, usimwelekeze tu.

Ikiwa kuahirisha hakuepukiki, simamia karatasi mpaka mwisho: barua yake, vielelezo vya hospitali au vya familia, sahihi ya mkuu wa idara, majibu ya maandishi, na nakala ifike dawati la mikopo. Barua ikilala kwenye droo ya mtu, kijana anahesabika mtoro, na mwakani atarudi na kukuta jina lake halipo.

Kuhusu kubebana hosteli, yaani mwenye chumba kumlaza mwenzake asiyepangiwa hapo, wakubwa watakutaka uwafukuze wageni wote. Mimi nashauri uwajue kwanza. Moto ukizuka saa nane usiku, utahitaji kujua ni watu wangapi wamo ndani, na orodha yako inasema wanne wakati wamelala saba. Ukishawajua, hangaika na wale waliokosa vyumba kwa sababu ya fedha. Wengi wao ni mwaka wa kwanza.

Akija binti kulalamika kwamba mwalimu anamtaka ndipo ampe alama, usilisuluhishe kama ugomvi wa kifamilia. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaliita kosa la jinai. Hifadhi ujumbe wa simu, mpeleke dawati la jinsia, mweleze namna ya kufika TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na jina lake lisitoke mdomoni mwako hata kwenye chai ya saa nne.

Na bumu likichelewa, usijifungie ofisini. Mwite waziri wa mikopo wa serikali ya wanafunzi kabla umati haujaja, mwonyeshe nani hajasaini, nani akaunti yake ina kosa, matokeo ya nani hayajatumwa. Bandikeni tangazo siku hiyohiyo, hata la sentensi moja: fedha hazijaingia, tutawaeleza tena kesho saa nane mchana. Kesho saa nane simama hapo kwenye ubao, ziwe zimeingia au hazijaingia.