Kabla vijana hawajapanda mashua za tanga
Kiongozi anayepeleka vijana kwenye somo la kwanza la mashua ndogo za tanga huko Mombasa au Dar es Salaam, ambako wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, achague siku za maji mafu, mkondo unapokuwa dhaifu. Jaketi okozi la kila kijana lifungwe, kisha livutwe juu mabegani. Likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, hata kama mwenyewe anadai linamtosha. Zoezi la mwanzo liwe kuipindua mashua kwa makusudi karibu na ufuo, mkufunzi akiwa majini, ili kila mmoja azoee kuishikilia badala ya kuogelea kuelekea nchi kavu. Upepo ukivuma kutoka bara kwenda baharini, somo liahirishwe.