Kamera ya filamu ya zamani: mulika lenzi kabla ya kutoa pesa

Anza na Pentax K1000. Ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, kwa hiyo bado zipo nyingi, na betri yake ni ya kipima mwanga tu. Ikifa, pazia, lile linalofunguka kupitisha mwanga hadi kwenye mkanda, bado linafyatuka kwa spidi zote. Canon AE-1 hukupangia yenyewe ukubwa wa tundu la lenzi la kupitisha mwanga, raha kweli, lakini bila betri yake ya volti 6 haipigi hata picha moja. Olympus OM-1 ni nyepesi na naipenda mno, ila kipima mwanga chake kilitengenezewa betri za zebaki ambazo haziuzwi tena.

Ukishapata ya kununua, fungua mgongo ikiwa haina mkanda. Weka spidi ya sekunde 1, bonyeza, sikiliza. Spidi za polepole ndizo hutangulia kugoma, maana grisi ya ndani hukauka. Halafu weka 1/1000, elekeza lenzi dirishani, tazama kwa nyuma: mwanga upite fremu nzima. Ukiona upande mmoja umebaki giza, pazia limechoka, achana nayo. Sponji nyeusi za mlangoni zikinata vidoleni si neno, hubadilishwa, ombea punguzo.

Lenzi ndiyo ninayoihofia zaidi. Mimi naishi Tanga, na unyevu wa pwani hauna huruma. Ichomoe, mulika tochi kwa nyuma, itazame kwa mbele huku ukiigeuzageuza. Vumbi kidogo halidhuru picha. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, nayo hula utandu wa kinga juu ya kioo. Hata fundi akiisafisha, alama zaweza kubaki. Anayekuuzia akiwa mzee aliyewahi kuwa na studio, muulize kwa adabu aliihifadhi wapi. Iliyokaa miaka kabatini ndani ya begi la ngozi, ikague mara mbili. Weka f/16, yaani tundu dogo, sukuma kile kipini cha nyuma ya lenzi kisha kiachie: vyuma vya tundu virudi papo hapo, vikavu, bila mafuta.

Piga mkanda mmoja wa majaribio, andika spidi ya kila picha, ukasafishe kabla hujakubali kazi ya harusi. K1000 haina swichi ya kuzima kipima mwanga, hivyo ukimaliza kupiga, funika lenzi kwa kifuniko chake betri isiishe.