Mkopo wa chuo: anza na cheti cha kuzaliwa

Kama una mdogo wako anamaliza kidato cha sita hapa Moshi na nyumbani hali ni ngumu, usimngojee atoke JKT (mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa) ndipo muanze kukimbizana na makaratasi. Dirisha la Bodi ya Mikopo likishafunguliwa, kila mtu anahakiki cheti RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo) kwa wakati mmoja, na hapo ndipo wengi hukwama.

Leo chukua cheti chake cha kuzaliwa, ukiweke kando ya cheti cha kidato cha nne. Soma majina herufi kwa herufi. "Elibariki" huku na "Elibariky" kule ni tatizo, tena huku kwetu mtoto ana jina la ubatizo, la ukoo na la bibi! Likionekana mapema, kuna muda wa kwenda kwa msajili ofisi ya mkuu wa wilaya, au kula kiapo kwa wakili.

Aliyefiwa na mzazi atafute cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Kama kaya iko TASAF (mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini), tunzeni namba yake. Hivyo ndivyo vinavyoonyesha uhitaji, si maelezo ya huruma.

Na steshenari za karibu na stendi, jamani: akijaziwa fomu huko, barua pepe na namba ya simu ziwe zake mwenyewe. Mimi nilijaziwa kwa namba ya kijana wa dukani. Akabadilisha laini, nikakaa wiki mbili siwezi kuingia kwenye akaunti yangu.