Namna ya Kuchunguza Iwapo Rais wa Tanzania Anaweza Kushtakiwa kwa Uhaini

Anza na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 39, ambapo uhaini umeelezwa na adhabu yake ni kifo. Soma polepole, kwa kuwa sehemu kubwa ya kifungu hicho inamlinda Rais na Jamhuri ya Muungano dhidi ya wanaotaka kumuua au kuipiga vita nchi. Neno hili lisitumiwe kwa kila kosa la kiongozi.

Kisha fungua Katiba ya 1977, ibara ya 46. Ibara ndogo ya kwanza inakataza Rais aliye madarakani kushtakiwa mahakamani kwa kosa lolote la jinai, na ya tatu inaendeleza kinga hiyo hata baada ya kustaafu kwa mambo aliyoyafanya akiwa Rais, isipokuwa kama aliondolewa na Bunge. Hapo ndipo wengi hukosea: huishia kwenye neno "kinga" bila kusoma ule mwisho.

Kwa hiyo mlango wenyewe ni ibara ya 46A, inayoeleza jinsi Bunge linavyoweza kumwondoa Rais. Taarifa ya hoja ya kumwondoa lazima isainiwe na angalau asilimia 20 ya wabunge na ifikishwe kwa Spika siku 30 kabla ya kikao; theluthi mbili wakikubali, Kamati Maalum ya Uchunguzi inayoongozwa na Jaji Mkuu huchunguza tuhuma, kisha kumwondoa huhitaji tena theluthi mbili ya wabunge wote. Kiwango hicho ni kizito, na kwa maoni yangu ndicho kinachostahili kujadiliwa zaidi.